Karata Zake Huzioni: Kumwamini Mwenzako Katika Mnada wa Briji

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa huu kwa haraka ukidhani ni mambo ya kamari, ngoja kidogo. Katika mchezo nitakaoueleza hapa hakuna hata senti inayowekwa mezani. Naibu wa mwalimu mkuu mwenyewe alitujia Ijumaa moja jioni akiwa amekunja uso, akakuta wanafunzi ishirini wamekaa wannewanne, kimya kama wako mtihanini. Akasimama nyuma yangu dakika kumi nzima, kisha akaondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii kuniuliza kwa nini siku ile nilimtupa mfalme.

Mchezo huo unaitwa briji, na aliyetufundisha ni mwalimu wetu wa Hisabati. Utauliza, mambo ya karata yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Ninayo majibu mawili. La kwanza, majina ya karata tunayo tangu zamani, ila sisi wa bara tumeyasahau. Kule pwani zile alama nne huitwa shupaza, kopa, uru na pao. Yametoka kwa Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka wa 1593, ambao kwao ni espadas, copas, ouros na paus. Hata neno karata, na turufu pia, ni lao. Kwa asiyejua, shupaza ni lile jani jeusi lenye ncha, kopa ni moyo mwekundu, uru ni almasi nyekundu, na pao ni ua jeusi. Karata ya ree sisi tunaiita esi, basi nitaandika esi ili tusigombane.

Jibu la pili ndilo kubwa. Sehemu ya kwanza ya briji ni mnada, na mnada ule ni lugha. Tena ni lugha ndogo sana, ina maneno 38 tu. Nami nimejifunza kwa machungu kwamba lugha haina faida kama msikilizaji hamwamini msemaji.

Nieleze mchezo kwa ufupi. Watu ni wanne, jozi mbili. Mwenzako hukaa mkabala nawe, wapinzani wako kushoto na kulia. Jozi moja huitwa Kaskazini na Kusini, nyingine Mashariki na Magharibi. Karata 52 hugawanywa, kila mtu 13. Kila mmoja akitupa karata moja, huo ni mzunguko, na aliyetupa kubwa ndiye aliyeula. Kwa hivyo iko mizunguko 13. Lakini kabla karata yoyote haijatupwa, kuna mnada wa kuamua nani ataahidi kula mizunguko mingapi, na alama gani itakuwa turufu. Ukisema "Moja Kopa" umeahidi mizunguko saba kopa zikiwa turufu, kwa sababu sita za kwanza hazihesabiwi. "Nne Shupaza" ni mizunguko kumi. Ngazi ni saba, na katika kila ngazi kuna madau matano, yaani zile alama nne na "Bila Turufu". Saba mara tano ni 35. Ongeza "Pasi", "Maradufu" na "Maradufu Tena", unapata yale maneno 38.

Sasa fikiria. Mkono mmoja wa karata 13 unaweza kuja kwa namna 635,013,559,600. Mwenzako anatakiwa akueleze wake kwa maneno 38, tena kila dau lazima lizidi la kabla yake. Sheria inakataza kukonyeza, kuguna, kukohoa, kusema "Pasi" kwa sauti ya huzuni, au hata kusitasita makusudi ili mwenzako ashtuke. Na yale mliyokubaliana kuhusu maana ya madau si siri, wapinzani wakiuliza wanaambiwa. Kwa hivyo huna njia ya kuhakikisha. Amesema alichosema, na wewe unaamini au huamini.

Kuna hesabu inayosaidia. Esi ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, na pakiti nzima ina pointi 40. Jozi ikiwa na pointi kama 25 na shupaza nane baina yao, kwa kawaida "Nne Shupaza" inawezekana, na kuna zawadi kubwa ya alama kwa kuahidi na kutimiza. Zawadi hizi za kuahidi zina msingi katika hesabu aliyoitunga Mmarekani Harold Vanderbilt akiwa safarini kwa meli mwaka wa 1925. Kabla ya hapo watu waliweza kuahidi kidogo na bado wakalipwa kwa vyote walivyokula. Vanderbilt ndiye aliyewafanya wachezaji wazungumze kwa dhati kwenye mnada, maana usiloliahidi hulipwi zawadi yake.

Tunayocheza sisi ni briji rudufu, kama inavyochezwa kwenye mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl yaliyoanza mwaka wa 1950. Rudufu maana yake karata zilezile huchezwa kwenye kila meza. Mkimaliza, kila mtu anarudisha karata zake 13 katika mfuko wake, kisha seti inapelekwa meza nyingine. Sisi hatuna vile vibao maalum vyenye mifuko minne, tunatumia bahasha za kaki zilizoandikwa K, S, A na G. Uzuri wake ni kwamba bahati inapungua sana. Ukipata karata mbaya, wenzako waliokaa upande wako kwenye meza nyingine nao wamezipata zilezile. Unalinganishwa na wao, si na waliokaa mbele yako. Kwetu meza ni tano, kwa hivyo kila jozi inashindana na jozi nne, na kila unayemshinda katika seti unapata 2. Kiwango cha juu ni 8, na cha chini kabisa ni sufuri.

Basi bwana, sufuri ndiyo nimekuja kuihadithia.

Ilikuwa muhula wa kwanza. Mimi nilikaa Kusini, mwenzangu Kaskazini. Mwenzangu huyu tunamwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu, na ni mtu wa maneno machache. Nikaokota karata zangu: shupaza moja, uru tatu ndogo, pao mbili ndogo, na kopa saba nzuri zikiongozwa na mfalme, malkia na jeki. Pointi 6 tu, lakini kopa saba! Nikafungua kwa "Tatu Kopa". Dau hilo lina maana moja tu tuliyokubaliana: nina kopa saba, karata zangu ni dhaifu, nataka kuwazibia wapinzani njia. Magharibi akasema "Tatu Shupaza". Profesa akasema "Pasi". Mashariki akapanda "Nne Shupaza". Zamu ikarudi kwangu.

Moyo ukaniambia, jamani, hawa watatimiza hiyo "Nne Shupaza", na mimi nina shupaza moja tu, nitazizuia na nini? Wapinzani walikuwa katika seti yenye alama ya hatari, yaani faida zao na adhabu zao zote ni kubwa. Wakitimiza wanapata 620. Sisi hatukuwa hatarini. Nikasema "Tano Kopa". Nikajiona shujaa kweli. Mashariki hata hakufikiri: "Maradufu!"

Karata za Profesa zilipolazwa mezani nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa na malkia, jeki, kumi na nane ya shupaza, esi ya uru, esi ya pao, na kopa moja tu, tena namba mbili. Zile shupaza zake zilikuwa nyuma kabisa ya mchezaji aliyeziahidi. Hebu hesabu mwenyewe: mizunguko miwili ya turufu ni yake, esi mbili ni zake, na kopa moja yangu wasingeikwepa. "Nne Shupaza" ilikuwa inaanguka kwa mizunguko miwili, na Profesa alikuwa amenyamaza akingoja zamu yake aseme "Maradufu". Tungepata 500. Badala yake mimi nilikula mizunguko minane, nikapungukiwa na mitatu, na kwa sababu ya maradufu ya Mashariki tukalipa 500 sisi. Alama elfu moja zimegeuka kwa neno moja langu. Sufuri kwa nane.

Profesa hakusema kitu. Aliandika matokeo kwenye karatasi, akarudisha karata zake ndani ya bahasha polepole, moja moja.

Mwalimu aliponipigia ile seti ubaoni Ijumaa iliyofuata, hakuanza na karata zangu. Aliuliza swali moja: "Uliposema 'Tano Kopa', ulikuwa na habari gani ambayo mwenzako hakuwa nayo?" Nikasema nilikuwa na kopa saba. Akasema, "Hiyo ulishamwambia." Nikasema nilikuwa dhaifu. "Hiyo pia ulishamwambia." Darasa likacheka. Na kweli nilikuwa nimeuza bidhaa ileile mara mbili. Mimi naona karata 13, na 39 zimefichwa. Kati ya hizo 39, mwenzangu anaziona 13, na juu ya hayo mimi nilikuwa nimemweleza zangu karibu zote kwa dau moja. Yeye alikuwa anajua mikono miwili, mimi nilikuwa najua mmoja. Sasa nani alipaswa kuamua?

Hicho ndicho kiini cha jambo lote. Kumwamini mwenzako si kudhani kwamba yeye ni hodari kuliko wewe. Katika kila mnada hufika wakati ambapo mmoja ameshaeleza karata zake na mwingine bado anasikiliza. Aliyeeleza amekwisha kazi. Anayesikiliza ndiye nahodha, hata kama ameanza kucheza jana. Ukifungua "Moja Bila Turufu" katika mtindo wa Acol, ambao ulipata jina lake kutoka barabara moja ya London na ndio tunaofundishwa, umesema una pointi 12 hadi 14 na karata zilizosambaa sawasawa. Mwenzako akijibu "Mbili Shupaza" amesema: nina shupaza ndefu, sina nguvu, tuishie hapa. Utakuwa na 14, na shupaza nne nzuri, na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze! Hizo 14 alishaziweka kwenye hesabu yake, pengine yeye ana pointi 3. Ndivyo ilivyo pia na lile swali la "Nne Bila Turufu" alilolibuni Mmarekani Easley Blackwood mwaka wa 1933 la kuulizia idadi ya esi. Mwenzako akiuliza una esi ngapi, mjibu ngapi. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye ataamua. Kuna kijana wa kidato cha pili aliyeulizwa, akajibu, kisha mwenzake alipotaka kusimama yeye akaendelea kupanda eti kwa sababu "mkono ulikuwa unapendeza." Tuliwasikia wakigombana hadi bwenini.

Lakini sufuri ile haikuwa hasara yangu kubwa. Hasara kubwa ilikuja baadaye na ilinichukua wiki kadhaa kuitambua.

Niliwahi kusikia kwamba noti zikichapishwa ovyo, wenye maduka hupandisha bei kabla hata hujafika. Ndivyo mnada wetu ulivyokuwa. Mwezi mmoja baadaye nilifungua "Moja Shupaza" nikiwa na pointi 15. Profesa akajibu "Mbili Shupaza". Tulikubaliana kwamba jibu hilo lina maana ya pointi 6 hadi 9, na kwamba mwenye 10 hadi 12 hujibu "Tatu Shupaza". Mimi, nikiwa sasa nimeokoka na kuapa kumwamini, nikafanya hesabu: 15 na 9 ni 24 hata akiwa na nyingi kabisa. Haifiki. Pasi. Profesa akalaza karata mezani. Pointi 10! Nikala mizunguko kumi kwa raha zangu, tukaandika 170, ilhali jozi zilizoahidi "Nne Shupaza" ziliandika 420.

Nikamuuliza, "Profesa, si ulikuwa na kumi?" Akasema, bila hasira hata kidogo, "Nilijua utaongeza tu. Nikakuwekea akiba."

Lo! Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye alikuwa amejifunza kwamba mimi nikisikia tatu naenda tano, basi akaanza kusema mbili. Nami kama ningegundua kwamba mbili yake ni tatu, ningeanza kuongeza. Yeye angepunguza tena. Mwishowe yale maneno 38 yangekuwa kelele tu. Na wala hakuwa mwongo! Alikuwa anajikinga na mimi. Neno lake lilipoteza maana kwa sababu ya masikio yangu.

Tulikaa nyuma ya maktaba baada ya chakula cha jioni, tukaandikiana karatasi. Hakukuwa na mambo makubwa: nani husema nini akiwa na pointi ngapi, na sharti moja mwishoni kwamba kila mtu atasema karata alizonazo, si karata anazodhani mwenzake atazisikia. Profesa akaongeza kwa mwandiko wake kwamba mtu akikosea hatalipizwa kwenye seti inayofuata. Karatasi ile bado ninayo, imekunjika vibaya.

Kuna wanaouliza: je, niamini hata nikiwa na uhakika amekosea? Mimi nasema jiulize lile swali la mwalimu: nina habari mpya? Kama unayo kweli, itumie. Uaminifu si utumwa. Ila nimegundua kwamba mara nyingi kile tunachokiita habari mpya ni hofu tu.

Mashindano ya mwisho wa mwaka yalinipima barabara. Zilibaki seti mbili, na tulikuwa tunaongoza upande wa Kaskazini na Kusini. Nikapata pointi 13: kopa sita, uru nne zenye mfalme, malkia na jeki, pao tatu, na shupaza hakuna hata moja. Nikafungua "Moja Kopa". Magharibi "Moja Shupaza". Profesa "Moja Bila Turufu", maana yake ana nguvu ya wastani na anazo shupaza za kuzuia. Mashariki akaruka hadi "Nne Shupaza". Nikapasi, Magharibi akapasi, Profesa akasema "Maradufu".

Zamu yangu. Sina shupaza hata moja, nina kopa sita. Yule shetani wa muhula wa kwanza akanikaa begani: "Tano Kopa, Tano Kopa." Nikajiuliza, je, kukosa kwangu shupaza ni habari mpya? Nikawaza, Profesa anaziona zake, na anawasikia wale wawili wakiziahidi kwa fujo. Anajua kuhesabu hadi 13. Basi anajua sina, au ninayo moja. Hata hivyo amesema "Maradufu". Vidole vilitetemeka, lakini nikasema "Pasi".

Na unajua nini? Wakatimiza. Mashariki hakuwa na uru hata moja, kwa hivyo esi ya uru ambayo Profesa aliitegemea ilikuwa kama karatasi tu, ingekatwa na turufu mara ile ile. Magharibi naye hakuwa na pao. Walikata huku na kule kama wanaopasua kuni. Kwa maradufu yetu waliandika 590, meza nyingine waliandika 420. Sufuri tena.

Nilikokotoa baadaye usiku. "Tano Kopa" nayo ingeanguka, karibu kwa hasara ileile, lakini siku ile sikulijua hilo, na nisingependa kujisifu nalo. Bado sina hakika kama mchezaji hodari angepasi. Nilichokiona ni Profesa akivua miwani na kuifuta, akasema, "Hii ni yangu. Samahani." Nikamwambia ningepasi tena.

Bahasha ya mwisho ikaletwa. Nikafungua "Moja Shupaza" nikiwa na pointi 15. Profesa akaziangalia karata zake, akaniangalia mimi, akazirudia karata. "Tatu Shupaza," akasema. Kumi hadi kumi na mbili. Sikuhitaji kujiuliza. "Nne Shupaza." Zilikuwa kumi kamili, nikala mizunguko kumi.

Tulimaliza wa pili kati ya jozi tano za upande wetu. Muhula ujao tunaanza Ijumaa ya wiki ya pili baada ya chakula cha jioni, darasani kwa kidato cha tatu. Anayetaka kujifunza aje na mwenzake, na kama hana, tutamtafutia. Naibu wa mwalimu mkuu naye ameomba nafasi, lakini kila tunayempangia kucheza naye anaogopa kumwambia "Pasi".